Kioo Kisichomwona Bibi

Osmundi,

Huna haya. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililonijaa mdomoni, na ningeanza na salamu ningekuwa mwongo. Shikamoo unayompa dereva wa lori kila anapopanda na samaki kutoka Lituhi sijaipokea. Abaki nayo. Na yule samaki mbasa uliyemfunga kwenye majani ukasema "mpe bibi", nimempa jirani, amemla na wanawe. Mimi siku ile nilikula ugali na maharage nikalala.

Barua hii haina bahasha, nimeikunja tu. Dereva akitaka kuisoma aisome, na watu wa ufukweni wakitaka kusomewa wasomewe. Wewe unayeishika njiani kabla haijamfika mwenyewe, soma, kisha mpelekee. Mwandiko ni wangu. Kisomo cha watu wazima kilinipa herufi na tarakimu, si nyingi, lakini za kukusema wewe zinatosha.

Nilikuwa nakuita mume wangu, unakumbuka. Ukitoka shule unapita jikoni kwanza. "Mke wangu, leo umepika nini?" Nami nakujibu, "Mume asiyeleta kuni anapikiwa maneno." Unakwenda kuleta kuni huku unacheka. Mwanangu Efrem, baba yenu, alikuwa amekwisha kufa, na mdogo wako Beatus bado namfunga mgongoni nikienda shambani. Tuliwalea ninyi wawili, mimi na babu yenu, hapa hapa kijijini Ukata. Basi usije ukaniuliza nakusema kwa haki gani.

Unakumbuka siku babu yenu alipopunguzwa kazini. Chama cha ushirika kilikuwa kimelemewa, wanunuzi binafsi wanapita na magari yao kuchukua kahawa hadi mlangoni kwa mtu, karakana ikafungwa. Babu yenu akaja nyumbani na vyombo chakavu kuwa ndiyo stahili yake: mitungi ya gesi ya kuchomelea na miwani yake, mashine ya kuchomelea ya umeme na kofia yake, na jenereta linalokohoa kuliko yeye. Nikagomba. Nikamwambia, mwanaume mzima umekubali kulipwa vyuma, tuvichemshe? Akasema, "Mama Efrem, vyuma hivi vitawalisha hawa watoto." Na viliwalisha. Mashine za kumenyea kahawa za milima yote hii zimeungwa na mkono wake, na wewe ulivaa viatu vya shule kwa moto ule.

Sasa nakukumbusha kofia. Unaijua, lakini nataka anayesoma njiani naye aijue. Ni nyeusi, inafunika uso mzima, mbele ina kidirisha chenye kioo cheusi. Mlikuwa mnaigombania kama mchezo, na babu yenu hakuwafukuza. Alikuketisha kwenye kigoda, akakuvika, kisha akaniita nisimame mbele yako, juani.

"Osmundi, unamwona bibi?"

"Simwoni, babu."

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Kama nimeingizwa ndani ya chungu."

"Vizuri. Hicho ndicho kioo cha moto wa umeme. Mchana hakimwoni bibi. Kinauona moto peke yake."

Akakuvua kofia, akakuvika ile miwani ya gesi yenye kioo kimoja kipana cha kijani.

"Na sasa?"

"Namwona. Amekasirika."

Tulicheka hata kuku wakakimbia. Kuanzia siku hiyo ukawa mchezo wenu. Ilitosha mmoja avae, mwingine aulize, "Unamwona bibi?" Nami nasimamishwa uani kama sanamu, nimeacha chungu jikoni kinaungua.

Ulipokua akakufundisha vizuri zaidi. Nilikuwepo, nachagua maharage, Beatus bado mdogo, anacheza nje. Alikuonyesha namba iliyochorwa pembeni mwa kioo, akasema namba ikipanda na giza linapanda. Tano ni ya gesi. Moto wa umeme unataka kumi, na ukichomea kwa kijiti kinene, kile cha chuma kinachoyeyuka, unataka kumi na moja au zaidi. Mimi nikadakia: si mchague tu giza kubwa kuliko yote mmalize habari? Akanijibu bila dharau, "Giza likizidi, Mama Efrem, fundi haoni anachokiunga. Atainua kofia achungulie, na hapo ndipo moto unamkuta macho wazi. Likipungua ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu anaona vizuri, anafurahi, kumbe jicho linaungua polepole na hana habari." Akakwambia fundi achague giza linalomwonyesha chuma kinavyoyeyuka, basi, na akivua kofia asibaki na mwanga machoni. Ulimrudishia maneno hayo yote, moja moja, naye akakupiga bega kwa furaha. Kwa hiyo usiniambie ulikosea. Aliyekosea ni mtu asiyejua.

Babu yenu alipotutoka, siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo waligawa vyombo vyake. Wewe mkubwa ulipewa gesi, mitungi na miwani. Beatus akapewa umeme, mashine na jenereta na kofia. Baba yenu mdogo alisema mbele ya watu wote kwamba kila moto unakwenda na kioo chake, na mtu asivitenganishe. "Osmundi, umesikia?" Ukasema, "Nimesikia, baba." Nilikuwa nimekaa mkekani na kaniki yangu ya msiba. Sauti yako niliisikia.

Gesi ikawa haipatikani, mitungi ikalala ghalani mitupu. Ulinung'unika kwamba mdogo ndiye aliyepewa chakula na wewe mkubwa umepewa masufuria. Nilikusikia hata hilo, nikajiambia ni uchungu wa msiba. Kisha zikaja habari za tajiri wa Lituhi mwenye maboti ya injini, ana mashine ya umeme, anatafuta fundi mwenye kofia na kioo chake. Ukasema utakwenda, kofia utainunua njiani, siku hizi soko huria, maduka yamejaa kila kitu. Nikasema nenda, mume wangu, katafute.

Asubuhi ya kuondoka nilikukuta uani umepakata kofia ya Beatus, umefungua kidirisha, una kitambaa mkononi. Nikakuuliza unafanya nini.

"Namsafishia mdogo wangu kioo, bibi. Kimejaa cheche na moshi. Nisimwachie uchafu."

Nilimwita jirani aje aone. Nilimwambia, unaona mjukuu niliyemlea mimi? Nikachinja jogoo. Paja nilikupa wewe, Beatus nikampa shingo, naye akaitafuna. Ndiye aliyekubebea sanduku hadi kwenye lori, kichwani, wewe unatembea mikono mitupu kama bwana shamba. Jumapili yake kwenye jumuiya nilisimama nikamshukuru Mungu mbele ya watu kwa ndugu wawili wanaopendana. Umenifanya nishukuru juu ya wizi. Hilo peke yake, Osmundi, lina adhabu yake, lakini si mimi wa kuitoa.

Msimu wa kahawa ukaanza. Watu wakaleta mashine zao, Beatus akawasha jenereta. Baada ya muda nikaona jioni anakwenda kujifungia chumbani na kitambaa cha maji usoni. Kichwa kinamuuma, machozi yanamtoka, akifumba macho anaona mwanga bado. Akalaumu vijiti. Eti vijiti vya siku hizi vya madukani vinawaka vibaya, si kama vya karakana. Jirani akaniletea maneno kwamba amerogwa na watu wenye kijicho, nikamwambia arudi nayo alikoyatoa. Nikamwambia Beatus apumzike. Akasema, "Bibi, cheri za kahawa zikishaiva hazingoji. Watu watamenya na nini?" Ana roho ya babu yake yule mtoto. Wewe sijui una ya nani.

Siku moja nilikuwa napita uani na ungo. Beatus alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, ameishateremsha kofia usoni, anajiandaa kuchomea, moto bado. Akasema kutoka mle ndani:

"Bibi, huo ungo umebeba dagaa au mchele? Nina njaa."

Nikasimama. Nikamwambia, vua kofia. Akasema anaanza kazi. Nikamwambia vua, nisije nikakuvua na kichwa.

"Umeniona?"

"Nimekuona, bibi."

"Tangu lini kofia hiyo inamwona bibi?"

Akafikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Tangu kaka alipokisafisha. Alikisafisha vizuri kweli. Zamani kilikuwa giza tupu, sasa naona kazi yote."

Umesikia alivyosema? Mtu anachomwa macho, na bado anakusifu.

Niliivaa mwenyewe. Nikamwona yeye, nikamwona kuku, nikaona moshi wa jirani ukipanda. Nikachukua kisu cha jikoni nikafungua kidirisha, nikageuza kioo ukingoni. Tano. Nimesimama kwenye mizani ya chama misimu yote ya ujana wangu nikimwangalia karani asinipunje, mimi hakuna tarakimu inayonipita. Nikaenda ghalani. Miwani yako ya gesi nikaikuta imening'inia kwenye msumari, fremu tupu, kama samaki aliyetolewa macho. Basi nikawa nimemaliza. Vioo vile viwili ukubwa wake ni mmoja, vinapitana giza tu, na wewe ulijua vitaingia bila kelele.

Dereva naye akamalizia bila kujua anachosema. Akaniambia, "Bibi, Osmundi wako anasifiwa kule. Kofia amenunua mpya, tupu bila kioo, na kioo anasema ni cha babu yake, cha karakana. Anawaonyesha watu namba, kumi na moja." Nikamwambia asante, baba, umenisaidia sana.

Nilimpeleka Beatus hospitali ya misheni. Daktari alimmulika kwa kurunzi, akasema asiuangalie moto tena hadi atakapomruhusu. Ana doa katikati ya macho. Pembeni anaona, lakini pale anapotazama ndipo pamefunikwa. Daktari amesema huenda doa likapungua na huenda likabaki, na hakuna dawa ya kulifuta zaidi ya kungoja. Jana nilikaa mbele yake tukila. Nikamuuliza, "Unamwona bibi?" Akasema, "Nakuona masikio na kilemba, bibi. Uso ndio sijauona." Kisha akacheka ili nisilie. Sikulia. Nilitoka nje nikafagia uwanja uliokuwa umeishafagiwa.

Ungeniomba, Osmundi. Ungesema, bibi, nakitaka kioo cha babu, tumtafutie Beatus kingine Songea. Ningeuza mbuzi. Beatus mwenyewe angekitoa akupe, unamjua. Au ungekiiba ukaacha kidirisha wazi, tungejua hakuna kioo na kazi ingesimama. Lakini wewe ulimwekea kingine ili asijue. Ulikaa kwenye uwanja wangu, na kitambaa mkononi, ukamwita "mdogo wangu". Hapo ndipo ninaposhindwa kukuelewa, na nimekufikiria tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako.

Beatus hajui. Anadhani kioo kilichakaa. Sijamwambia, si kwa kukuonea huruma. Dereva akisoma afunge mdomo huku kwetu; atakayemwambia ni wewe, kwa mdomo wako, na yeye amekaa na wewe umesimama.

Basi sikiliza. Lori likimaliza kupakia samaki, panda humo humo. Tajiri wako mwambie bibi ameita. Kioo kifunge kwenye nguo, ukishike mkononi, usikiweke kwenye mizigo. Ukifika usipite jikoni kunisalimia, nenda moja kwa moja uani. Vaa wewe kofia, fungua kidirisha, tia kumi na moja yake mahali pake, kisha nitasimama mbele yako juani kama zamani nikuulize unaniona. Ukishasema hunioni, washa jenereta. Mashine za watu zimejaa kibarazani, na cheri zinaoza. Utachomea wewe, kwa jina la mdogo wako, hadi siku macho yake yatakaponiona uso, na kama hayatauona tena, utachomea hivyo hivyo.

Njoo mchana. Nataka kukuona unavyoingia.

Mimi bibi yako, mama yake Efrem, niliyekuwa mke wako wa jikoni.