Toa Kipande, Pima Tena

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa maabara. Usipige, soma tu.

Kumbe ule utando wangu, ule mwembamba niliotengeneza ung'ae wenyewe, hautoi mwanga. Miaka miwili ya utafiti, na hautoi hata chembe!

Leo amekuja mkaguzi, mama mmoja mpole. Nikampimia kipande cha utando, mwanga wa kijani ukapanda kwenye skrini. Mkuu wa maabara pembeni anachekelea: "Kazi yetu hiyo, mama."

Mama akasema, "Toa kipande. Pima tena."

Nikatoa. Nikapima. Mwanga uleule!! Kipande ninacho mkononi, na mstari unapanda vilevile!

Unajua ulitoka wapi? Kwenye kile kitaa, taa ndogo ya kijani ya mashine iliyo pembeni, ya kuonyesha imewashwa. Miaka miwili nimepima kitaa!

Nikamgeukia Mkuu. Akakohoa. "Kwa kweli kazi ni yake huyu. Mimi nilisimamia kwa mbali."

Kwa mbali! Na kila ripoti jina lake ndilo la kwanza!

Halafu kitaa kile nilikiziba mimi kwa tepu nyeusi, kabla hatujaanza kupima. Akaibandua yeye siku ya wapiga picha, mwanzoni kabisa, eti kwa tepu panaonekana kama gereji. Nami mjinga sikuirudisha. Nimemkumbusha mbele ya mama. Eti hakumbuki.

Ile picha yake kubwa ya siku hiyo, ya mlangoni, unaijua? Nimeitazama nikija huku chooni. Meno yote nje, na nyuma ya bega lake kitaa kinawaka, kijani, hakina tepu.