Maneno Chini ya Godoro la Celestino

Roccaverna, Piemonte
4 Novemba 1974

Mdogo wangu mpendwa Delfina,

Hamjambo huko Rosario? Mgongo wa shemeji Osvaldo umepata nafuu? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nipandapo ngazi. Zabibu tumeshavuna na ukungu umerudi. Ningeendelea na habari hizi ndogondogo, lakini kuna jambo kubwa zaidi, basi acha niseme.

Unaijua desturi yetu ya Siku ya Marehemu. Kitanda cha aliyefariki hutandikwa shuka safi, na mezani huachwa sahani yake, mkate na divai, ili akija apumzike. Tangu tumzike kaka yetu Celestino mwezi Septemba sikuwa nimeingia chumbani mwake. Ijumaa asubuhi niliingia, nikainua godoro nilikung'ute vumbi, na chini yake nikakuta barua zako.

Zote, Delfina! Arobaini na tatu, tangu ulipopanda meli mwaka arobaini na tisa. Nami nilidhani anazitia motoni ziungue! Miaka yote hiyo ulimwomba akujibu hata mstari mmoja, naye kimya. Ukaniandikia kwamba hajakusamehe kwa kuondoka mama akiwa mgonjwa, nami nikaamini hivyohivyo.

Nikaketi palepale nikazisoma, unisamehe. Katika ile ya mwaka hamsini na moja amepiga mstari kwa penseli nyekundu chini ya maneno haya: "Huku jua linawaka bure, maana halikaushi nguo za mama."

Nilipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika uani. Hayo ndiyo maneno ya wimbo wake, ule uliompa jina, ambao watu wanauimba harusini na msibani! Waandishi wa magazeti walikuwa wakija hapa kumuuliza uchungu wa ugenini kaujulia wapi, yeye ambaye hakuwahi kuvuka Milano. Alikuwa akitabasamu tu na kuwamiminia divai. Nikavitoa vitabu vyake vya mashairi nikalinganisha. Nyimbo tisa. Ule wa mkate usio na ukoko ni wako. Ule wa mwanamke anayehesabu madirisha ya jirani, wako pia. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaiondoa sahani yake mezani. Binamu Romilda akaingia, akashika kiuno.

"We Ortensia, unamnyima marehemu chakula?"

"Namnyima mwizi."

"Yesu na Maria! Kaka yako huyo!"

"Ndiyo maana inauma."

Lakini ngoja, maana na wewe nina neno nawe. Barua yako ya mwisho kwake, ya mwaka sitini na tatu, inasema: "Nimekusikia redioni, Celestino. Nimeyatambua. Sikudai kitu. Nijibu tu." Kumbe ulijua! Miaka kumi na moja unaniandikia habari za mvua na harusi za majirani, na hili umelikalia! Nimekasirika, mdogo wangu, halafu nimelia.

Sasa baraza la mji linataka kuweka bamba la marumaru kwenye ukuta wa nyumba yetu. Mstari waliouchagua ni huohuo wa jua na nguo za mama, na jina la Celestino chini yake. Jumamosi nilikimbilia kwa fundi Gaspare na goti langu hili. Maneno alikuwa ameshayachonga, jina bado.

"Acha hapohapo, Gaspare!"

"Mama Ortensia, jiwe si unga. Nikikosea sikandi upya."

"Ndiyo maana nakwambia acha."

"Kwani jina hulijui? Ndugu yako wa tumbo moja!"

Nilimshika mkono wenye patasi. Amekubali kungoja mpaka sikukuu ya Santa Lucia, tarehe kumi na tatu Desemba. Basi niambie upesi: jina lake, jina lako, au yote mawili? Utakalosema nitalisimamia mbele ya baraza, hata wakiniita kichaa.

Jambo moja limebaki. Chini kabisa ya barua zako palikuwa na karatasi kumi na tisa, zote kwa mwandiko wake. Kila moja inaanza kama hii yangu, "Mdogo wangu mpendwa Delfina," halafu basi. Chini yake ni nyeupe tupu. Nilipoziona niliirudisha sahani yake mezani, ila divai sikumpa.

Nimezitia humu bahashani. Ndiyo majibu yako, Delfina. Yamechelewa na hayana kitu, lakini hayo angalau ni yake mwenyewe.

Nisalimie Osvaldo, na binti yenu Graciela umbusu kwa niaba yangu. Romilda anakusalimu, bado amenuna. Bikira Maria akufunike kwa joho lake.

Dada yako akupendaye, hata leo nikiwa na hasira nawe,

Ortensia