Mizinga Haitoki

Sagalla

Kaka Mwadime,

Huku hatujambo, pojo zimeanza kutoa maua.

Unataka niondoe mizinga iliyoning'inia kwenye waya kuzunguka shamba, nije nikae kwako Voi. Ni kweli, Jumapili nyuki mmoja tu aliniuma nikavimba uso, koo likaziba, wakanikimbiza hospitali kwa bodaboda. Daktari anasema mwili wangu haustahimili sumu yao. Sawa. Asali atarina jirani, nami nitalima na dawa mfukoni.

Lakini mizinga haitoki! Umesahau mahindi yetu yalivyoliwa kabla sijaiweka? Sasa ndovu akigusa ule waya, nyuki wanamtokea, anatimua mbio na ukubwa wake wote.

Mimi na ndovu sote hatuwawezi nyuki, kaka. Ila wa kukimbia si mimi.

Dada yako,
Mghoi