Saa Iliyonitosha Mimi

Baba,

Githeri iko kwenye sufuria, pasha moto tu. Dawa ya presha umeze baada ya kula, si kabla. Nimetoka mapema, kazini kuna mkutano.

Saa yako iko kwenye sahani, nimeifunika na kitambaa. Fundi wa Eastleigh alitoa zile pingili mbili za mwisho zilizolegea, zinazoshika mkanda kwenye saa, akaweka mpya. Haichezi tena.

Asubuhi nikipiga pasi nilikusikia kwenye simu ukimwambia Kimeu, "Mwanangu, saa imeshatengenezwa, njoo leo uichukue."

Mwanangu. Kimeu alimwoa mdogo wangu juzi tu, mwaka jana. Mimi huu mwaka wa sita nakupeleka kliniki, na hujawahi kuniuliza kama naipenda hiyo saa.

Naipenda. Tangu ulipokuwa ukifanya kazi reli, ukiivua na kuniwekea sikioni nipate usingizi.

Basi nikwambie ukweli. Jana fundi aliniuliza, "Ni ya nani, nipime mkono?" Nikasema ni yangu. Akapunguza mkanda ukanikaa sawasawa. Ndiyo maana ukiijaribu itakubana.

~~Nisamehe.~~ Sijutii.

Vipande alivyopunguza viko kwenye bahasha. Kimeu akija mpe chai, mandazi yako kabatini. Ukitaka kumpa saa, mpe. Lakini umvalishe wewe mwenyewe, na ikikataa kufunga, umweleze ni mkono wa nani uliopimwa.

Kifungua mimba wako,
Wavinya