Mlango Unaotazama Mtoni

Jumapili jioni

Mama amenipinga mbele ya kanisa zima, na hasira bado haijanitoka.

Mimi nilikuwa namtetea yeye! Kanisa letu limeipa barabara mgongo, mlango unatazama mtoni. Kila Jumapili mama anashuka kwenye lami na kuzunguka jengo lote kwa mkongojo, mvua ikinyesha ni matope matupu. Kwa hiyo leo baada ya ibada nikapendekeza tuhamishe mimbari, tutoboe mlango upande wa barabara na kuuziba wa zamani.

Mama akasimama. "Mawe haya tuliyatoa mtoni sisi akina mama, mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mlango ukawekwa huko ili aliyechoka auone akiwa bado kule chini mtoni. Uzibeni nikishakufa."

Mchungaji akafunga kwa maombi haraka haraka.

Tulipotoka nikamshika mama mkono. Akaukataa, akagusa jiwe moja kando ya mlango. "Hili nililibeba na wewe ukiwa tumboni."

Jiwe hilo nalijua. Ndilo ninaloliegemea kila Jumapili, nikinung'unika kwamba mama anachelewa kutoka.