Ukoo Mzima Tuliandika Sifuri

Mshauri wetu mpendwa, nishike mkono dada yangu, maana mimi ToVurmat, ambaye mlima ulipolipuka mwaka ule wa tisini na nne na watu wote wakakimbilia Kokopo nilirudi peke yangu ndani ya majivu kuchukua kibuyu changu cha chokaa ya kutafunia popoo, na jiwe la moto likaja usawa wa sikio nikalikaripia likapinda, leo hii namwogopa binti wa miaka ishirini na sita mwenye miwani.

Binti huyo ni Relvie, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, na kwetu unajua mwenyewe, mtoto wa dada ndiye mtoto. Nimembeba mabegani mwaka mzima kwenda shule, na alipokuwa na miaka mitano alikuwa akinipanua mdomo kwa kijiti anahesabu meno, "Mjomba, yako ishirini na saba, mengine yako wapi?" nikamwambia matano yalibaki mgongoni mwa papa niliyemng'ata, akaamini, Mungu ambariki. Sasa ni mtafiti wa vinywa, ana maabara ndogo nyuma ya kliniki ya meno, anakaa na hadubini siku nzima anasoma ngozi ya ndani ya mashavu ya watu kama wewe unavyosoma barua. Mimi shule niliishia darasa la sita, si kwa kukosa akili, mwalimu ndiye aliyeishiwa, lakini kazi ya mpwa wangu naielewa vizuri na sokoni nimeieleza mpaka wauza samaki wananikimbia.

Jambo lenyewe ni hili. Yeye na wakubwa zake walitaka watu sitini wanaotafuna popoo wakae miezi mitatu bila chokaa, popoo utafune, daka, lile tunda la mtambuu, utafune, chokaa usiguse, ili ionekane kama shavu lililoungua litapona. Kila siku unaandika kwenye daftari, sifuri kama hukugusa, unachora kibuyu kama umegusa, na kila mwezi nesi anakusugua shavu kwa kimswaki, anapeleka alichokipata maabara. Majina hakuna, ni namba tu, ili Relvie asijue anasoma shavu la nani. Mimi ni namba saba. Nilikuwa wa kwanza kufika, ila ile foleni ilikuwa na watu sita mbele yangu.

Siku nne nilivumilia. Mshauri, popoo bila chokaa ni sawa na kutafuna mlango. Nikatazama ukoo wetu, tulioandikishwa tulikuwa kumi na watatu, wote nyuso zimekunjamana, nikawaita kwenye kikausho changu cha kakao nikawaambia, "Jamani, binti yetu anajenga nyumba, na nyumba ya mtu hujengwa na ukoo. Kila mtu aandike sifuri, siku zote tisini, matokeo yake yatoke mazuri kuliko ya mtafiti yeyote wa visiwa hivi." Binamu yangu ToLuan, ambaye ni mzito kidogo wa kuelewa, akauliza, "Kwa hiyo chokaa tuache kweli?" Nikamjibu, "Tuache ya nini, wewe? Kazi yetu ni kumpa matokeo, si kuteseka!" Wakapiga makofi. Siku ya kuonana na nesi tulisugua meno kwa mkaa na nyuzi za nazi mpaka fizi zikalia, akituuliza tunajibu, "Hata punje, sista." Tulimfanyia Relvie hivyo kwa mapenzi, mshauri, naapa, sikuona ubaya wowote, nilikuwa najiona kama nabeba nguzo ya nyumba yake begani.

Sasa Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikaa kwa dada yangu Melna, kuku na magimbi vimetoka kwenye mawe ya moto, tui linanukia hadi barabarani, na Relvie hali. Nikamwambia, "Wee, kula, mifupa yako inagongana." Akasema, "Mjomba, hakishuki. Kuna namba kumi na tatu zinanitesa. Madaftari yao masafi kama kanisa, sifuri mwanzo mpaka mwisho, lakini mashavu mabovu vilevile kama siku ya kwanza. Namba saba ndiye baba yao. Shavu lake kama barabara baada ya mvua."

Iliniuma. Nikasema, "Huyo namba saba pengine ni mtu imara tu, hana la kupona."

"Imara! Huyo chokaa yenyewe inamwogopa," akajibu Relvie.

Dada yangu akacheka mpaka akashika meza, na Relvie naye akacheka kidogo, halafu uso ukamsawijika. Akasema amepaka rangi vioo vyake vya hadubini upya mara tatu na kuvisoma upya mara tatu, majibu ni yaleyale. Ijumaa hii anasimama mbele ya wakubwa zake, na kwa kuwa hawezi kuwaita watu waongo bila ushahidi, ana mambo mawili tu ya kusema, ama kwamba kuacha chokaa hakusaidii kitu, ama kwamba yeye hajui kusoma kioo. "Nitasema ni mikono yangu, Mjomba. Afadhali hivyo kuliko kuwaambia watu chokaa haina neno." Akaificha ile mikono chini ya meza kama mtoto aliyeiba sukari. Melna akamwambia, "Muulize mjomba wako, yeye hakuna asichokijua," wote wakanigeukia, nami nikasema naenda kutazama kakao yangu, nikaondoka.

Nifanyeje? Nikisema, wakubwa zake watamwambia ndugu zako wamekuharibia kazi, na yeye hataniamini tena maisha yake yote, hata yale ya papa. Nikinyamaza anajivunja mwenyewe. ToLuan anasema tumwombe nesi azichomoe namba zetu kimyakimya zipotee. Nipe akili, dada.

Wako anayeteseka,
Namba Saba

*

Namba Saba, kaka yangu,

Hilo jina ToVurmat nimekubandika mimi, na wenzako wote nimewabadilishia, lakini usijidanganye: jiwe lile la moto limeshasimuliwa katika kila duka la Kokopo, na mpwa wako gazeti hili analisoma. Barua yako imefika Jumatatu, nimeitanguliza mbele ya za wengine, inatoka Jumatano. Ukimaliza kusoma hapa, vaa shati utoke. Akikuta habari hii kwangu kabla ya kuisikia kwako, hapo ndipo utakuwa umempoteza.

Nimecheka, sikufichi. Halafu nikafika kwenye ile mikono chini ya meza, kicheko kikaisha. Unampenda huyo binti, kila mstari wako unasema hivyo, lakini umempenda kwa kelele na hukumsikiliza. Ni kweli nyumba ya mtu hujengwa na ukoo. Ni ukoo gani basi unaopeleka nguzo iliyoliwa na mchwa, ukaipaka rangi, ili mwenye nyumba afurahi? Hakukuomba matokeo. Alikuomba shavu lako kama lilivyo. Ungechora kibuyu kila siku kwa siku tisini, na shavu lako bovu hivyohivyo, ungemsaidia kuliko sifuri zenu zote, maana angewaweka walioacha upande huu, mliokataa upande ule, na kila mtu angejionea tofauti.

Na jambo moja limekupita, wewe usiyepitwa na kitu. Binti huyo kakaa na vioo vyake, bila jina, bila sura, na kati ya watu sitini kawashika waongo kumi na watatu, hakukosea hata mmoja! Halafu unamwacha alie kwamba hajui kusoma. Mikono hiyo ndiyo inayofanya kazi vizuri kuliko chochote katika habari hii nzima.

Sasa nisikilize. Shauri la ToLuan ulitupe. Namba ikipotea kimya inamwachia Relvie tundu ambalo ataulizwa yeye. Wakusanye wote kumi na watatu, akikataa mmoja nendeni kumi na wawili, na muende kliniki, si nyumbani kwa dada yako, wala msibebe kuku. Mwombeni nesi awepo na mkubwa wa Relvie awepo, ili mtu asije akasema mlipanga maneno naye kifamilia. Madaftari msifute kitu. Pigeni mstari mmoja juu ya kila sifuri ya uongo, andikeni ukweli pembeni, na siku usizozikumbuka andika "sikumbuki", tarehe ya leo, sahihi yako. Kama namba zenu zitabaki au zitaondolewa, kama Ijumaa itasogezwa au la, hayo ni ya wenye kazi. Si yako. Usitoe maoni.

Kabla hujatoka kliniki, mwombe nesi alitazame shavu lako kwa makini. Maneno aliyosema mpwa wako juu ya shavu hilo pale mezani mimi sikuyapenda, huenda ni ugonjwa.

Ataona aibu? Ndiyo, ataona, na atakukasirikia, pengine mpaka Krismasi. Mbebe hivyohivyo kama ulivyombeba mabegani, hutakufa. Wakubwa zake nao watamsema, lakini mtafiti aliyedanganywa akagundua hana la kuficha. Aliyejisingizia kosa lisilo lake ndiye anayerudi nyumbani na kuacha kazi.

Usianze na mlima. Usianze na papa. Anza hivi: "Relvie, namba saba ni mimi. Nilitumia chokaa kila siku. Niliwafundisha wengine waandike uongo. Mikono yako haina kosa." Maneno hayo tu, kwa sauti ambayo mkubwa wake ataisikia.

Kisha nyamaza. Najua ni adhabu kwako, lakini nyamaza hivyohivyo, hata akikaa dakika kumi hajasema kitu. Kwenye kikausho cha kakao mkubwa ni wewe. Ndani ya chumba kile mkubwa ni Relvie, na neno linalofuata ni la mkubwa.