Mugomba Tulizika Kwa Jina Lako

Kaka Bahati, mukubwa yangu,

Nakusalimia kutoka hapa kisiwani. Kama hii barua iko mu mikono yako, basi uko muzima, na mbele ya yote namushukuru Mungu kwa hiyo. Mugulu yako ya kuume iko namna gani? Ingali inakuuma wakati wa mvua? Najua kule Walikale mvua haijuake kupumzika. Unakulaka vizuri? Uko na muntu wa kukupikia?

Sisi huku tuko bazima. Bibi yako, Mama Esperansi, iko muzima. Esperansi amekuwa murefu kupita mama yake, na mudogo wake Gloria anaongoza pirogi kama muntu mwenye alizaliwa ku maji. Nimeandika "bibi yako". Nilifikiri sana mbele ya kuandika ile neno. Ukae chini, kaka, usome polepole.

Sikutaka kukutafuta ku telefone, hata kama rezo, ile mutandao, ingefika kule munachimba madini. Ku telefone ningesikia sauti yako, na ningedanganya tena. Nilishazoea.

Vita ilipofika mu mashamba yetu ya Masisi, juu ya Mweso, tulishuka na miguu mupaka Sake, kisha Bweremana. Pale mujomba wa Mama Esperansi, muvuvi, akatuvusha ku hiki kisiwa. Iko kidogo sana. Ukiweka maharagi ku moto unaweza kukizunguka chote, ukirudi unakuta hayajaiva. Ndizi iko, avoka iko, jua iko, ile baridi yetu ya milimani haiko. Bantu ya huku banatucheka juu tunashika pirogi na mikono mbili, banasema: "Ba-Masisi, hii si ng'ombe, haiwezi kukimbia!" Ni bantu bazuri. Banatupokea.

Wiki moja mbele ya Noeli nilivuka Bweremana kuuza samaki ndogo za sambaza. Nikaona kamio, lori ya Papa Kasereka, ule mucuruzi wa Butembo mwenye anapelekaka bidhaa Walikale. Nilitaka kupita upande ingine. Aliniona.

"Weye Bauma! Unakimbia kama mbuzi yenye imesikia Noeli iko karibu!"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ndugu yako amenituma tena," akasema. "Safari hii hakuuliza bibi, hakuuliza shamba. Ameuliza tu: batoto yangu banakulia Noeli wapi?"

"Ulimujibu nini?"

"Nilimujibu sijui. Weye njo unajua. Mimi niko muntu wa kubeba mizigo, Bauma, lakini hii yako imenichosha."

Sasa sikia kosa yangu. Wakati ile shimo ya kule ilianguka, miaka tano sasa, muntu alituletea habari kama ulibakia ndani pamoja na benzako. Maiti hakuna. Tulilia, tukangoja miezi tatu. Kisha bababa badogo bakasema muntu hawezi kukaa bila kaburi. Tukate mugomba, tuufunge nguo, tuuzike kwa jina lako, njo matanga iishe. Unajua vile inafanyikaka kwetu. Bakachagua siku.

Siku mbili mbele ya ile siku, Papa Kasereka alinikuta ku soko ya Mweso. Akaniambia: "Ndugu yako hakufa. Walimutoa. Mugulu imevunjika, iko analala ku dispansere moja kule. Anasema: Bauma akuje kunichukua."

Jina langu, kaka. Haukutaja muntu mwingine.

Nilimwambia asante. Nikarudi nyumbani. Mama Esperansi alikuwa mu kiwanja, anapepeta maharagi, kichwa chake kimenyolewa kwa matanga yako. Akaniuliza: "Soko ilikuwa namna gani, shemeji?" Nikamujibu: "Bei iko kali." Njo ile tu nilisema. Siku ya kuzika nikashika panga, nikaingia mu shamba la ndizi peke yangu, nikakata mugomba. Nilichagua ule wa urefu yako.

Kwa miaka hii yote nilikuwa najiambia labda Papa Kasereka alikosea muntu. Lakini sikuamini hiyo hata siku moja. Ukweli ni hii: bababa badogo balishasema kama matanga ikiisha, mimi njo nitaingia mu nyumba yako, batoto basitawanyike. Bibi yangu alikuwa amenikimbia. Tangu ulienda nilikuwa nakulaka ku meza yako, Esperansi ananimwagia maji ya kunawa, Gloria anasinzia ku magoti yangu. Nilitaka ile meza. Shetani hakunituma. Nilijituma.

Kisha ulituma mara ya pili, kuuliza juu ya nini hakuna mwenye alikuja. Nilimujibu Papa Kasereka: "Mwambie bibi yake ameolewa na bwana mwingine, hataki tena kusikia jina yake." Ule bwana ni nani, sikumwambia. Nilimuona akiniangalia sana, nikaona ameelewa, na ameona haya kwa fasi yangu.

Turudi ku Noeli. Huku banaifanyaka vizuri, nisikudanganye. Asubui bavuvi balifika na pirogi zao ku kanisa ya mbao yenye iko ku mwamba, majani ya ndizi imefungwa mbele, banaimba na kupiga makasia pamoja. Bamama bote na vitenge vipya. Kiisha misa mujomba akatuandalia chini ya avoka yake: sambaza ya kukaanga, bugali, sombe ya majani ya muhogo, kuku mbili, na kasiksi, pombe ya ndizi, mu kibuyu. Mama Esperansi akaniwekea firigisi ya kuku, ile yenye inapewaka mwenye nyumba. Akaiweka bila kuniangalia, kama kila mwaka.

Mujomba akasema mbele ya kukula kila muntu ashukuru kwa kitu moja. Ikafika kwa Esperansi. Akafunga macho.

"Nashukuru juu ya Papa mwenye iko mu udongo kule Masisi. Na juu ya Papa Bauma mwenye alitushika mukono. Mungu, ule Papa wa Masisi asisikie baridi."

Neema akajibu "Amina!" na nguvu, mbele ya saa yake, bantu bote bakacheka, tukajibu na sisi Amina. Neema ni mutoto wangu na Mama Esperansi, kaka. Ana miaka mbili. Yeye hana kosa. Hata kama unanichukia, na uko na haki, usimuchukie yeye.

Banaendelea kucheka na kupitishana bugali. Mimi nikaangalia ile firigisi ku sahani, nikasikia sauti ya Papa Kasereka: banakulia Noeli wapi? Sikuweza kuikula. Niliificha mu jani, nikawapa imbwa. Kesho yake nikanunua hizi karatasi.

Nilipofika pale juu, pa neno "nilijituma", niliacha kuandika siku tatu. Niliona nitafunga barua, nitakupa weye huo uzito, na huku nitaendelea kukula. Ingekuwa kudanganya tena. Leo asubui, mbele ya Bonane, ile sikukuu ya mwaka mupya, nilimukuta Mama Esperansi ku mawe, anaanika sambaza. Nikasimama, nikamwambia yote. Soko ya Mweso, mugomba, na ile neno ya "bwana mwingine".

Hakupiga kelele. Aliendelea kugeuza samaki, moja moja, mupaka mwisho. Kisha akauliza:

"Mugulu gani?"

"Ya kuume."

"Anatembea?"

"Na fimbo. Papa Kasereka njo amesema."

Akanawa mikono mu ziwa, akaingia mu nyumba. Akatoka na ule mufuko wenye alibeba ku kichwa tangu Masisi, wenye hakuruhusu muntu afungue. Akatoa koti yako ya misa. Ile ya kahawia. Niliogopa kama nimekuona weye mwenyewe.

"Bababa badogo baliniambia nifunge mugomba na hii," akasema. "Nilifunga na blanketi ya zamani. Mugomba hauendake misa."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua kitu. Nilikatala tu kuitoa." Akaniangalia mara ya kwanza. "Mimi nilifunga, batoto bangu bakatupa udongo. Mutoto wangu anaombea mugomba, Bauma. Na weye unajibu Amina."

Nikamuuliza niandike nini kwa fasi yake.

"Usiandike kitu kwa fasi yangu. Aliuliza batoto banakulia Noeli wapi. Mujibu."

Basi nakujibu. Banakulia hapa. Ukifika Bweremana, ushuke ku maji, uulize muvuvi mwenye pirogi imepakwa rangi ya buluu, yule ni mujomba. Ni kisiwa ya kwanza mbele yako. Esperansi na Gloria hawajaambiwa. Mama yao amesema hawezi kuwaambia na mudomo tu kama uko muzima, kisha ukose kufika, balie mara mbili. Anataka bakuone umesimama. Sijui kama anakungojea kama bibi ama kama mama wa batoto yako, hakuniambia, na mimi sina ruhusa ya kuuliza. Vitu vyangu nimetoa mu nyumba. Nalala mu kibanda cha nyavu, na Bonane ikiisha nitavuka, nitafanya kazi ya kubeba mizigo Sake. Sitakuwa hapa ukifika, isipokuwa unitake. Ukinitaka, hata kwa kunipiga, utume neno, nitakuja.

Mujomba muvuvi anakusalimia. Nilimwambia pia, akatema mate chini, kisha akasema nyumba yake iko wazi kwako. Shangazi yetu, mwenye alibaki karibu na Mweso, iko muzima, angali anavaa nyeusi juu yako. Unisalimie benzako ba kule, na ule mwenye alikufunga mugulu.

Papa Kasereka atakupa hii barua pamoja na koti. Mama Esperansi amesema Walikale iko mvua. Saa hii namaliza, yeye amekaa ku mulango, anashona kifungo yenye ilianguka.

Mimi mudogo yako, mwenye uliita na hakukuja,
Bauma